Tupeane uzoefu: Ni usiku gani nyota zilikurudisha kwa Mungu?

Mwanzisha mada, Makete

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba tusimuliane jinsi anga la usiku lilivyowahi kumrudishia mmoja wetu imani iliyokuwa imelegea, au kumpa faraja wakati ambapo maneno ya watu yalikuwa yamemwishia. Mahubiri tunayasikia kila Jumapili na tunawashukuru watumishi. Hapa naomba ushuhuda wa mtu mwenyewe, aeleze alikuwa wapi, aliona nini, na ni neno gani la Maandiko lililomshika.

Nianze mimi. Ni mwalimu mstaafu, naishi upande wa Kitulo, ambako Juni na Julai baridi huwa kali kiasi cha kuacha sakitu kwenye majani asubuhi. Mume wangu alifariki masika yakiwa yanaishia. Siku za msiba mtu hapati nafasi ya kuwa peke yake: turubai limefungwa uani, akina mama wamelala sebuleni kwenye mikeka, kwaya inaimba, na sufuria hazishuki jikoni. Tulipoanua matanga na watu wakatawanyika, ndipo nyumba iliponielemea. Usingizi haukuja, na sala nayo haikuja. Nilikuwa naanza Baba Yetu na kukwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe", kwa sababu sikuwa tayari kuyasema.

Usiku mmoja nilijifunika blanketi nikatoka kibarazani. Mwezi haukuwapo, mvua zilikuwa zimekatika, na anga lilikuwa safi kabisa. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, ilipita juu ya paa la bati kutoka mlima hadi mlima, na Msalaba wa Kusini ulikuwa umeanza kuinama kuelekea magharibi, ukifuatwa na zile nyota mbili angavu zinazouonyesha. Nyota hizo nilizifundisha darasani kwa miaka mingi. Niliwaambia wanafunzi kwamba ile iliyo angavu zaidi kati ya hizo mbili ni ya mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na jua letu, na kwamba hata huko nuru husafiri zaidi ya miaka 4 ndipo itufikie. Usiku ule habari hiyo ilinitia hofu kwanza, kwa maana niliwaza: katika upana wote huu, nani atamkumbuka mjane mmoja wa Makete?

Ndipo ziliponijia aya mbili za Zaburi ya 147: "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Nilikuwa nazijua kwa moyo, lakini sikuwahi kutilia maanani kwamba zimefuatana. Mtunga zaburi anazitamka kwa pumzi moja, kana kwamba ni kazi za siku moja za mikono ileile. Yeye asiyekosea hesabu ya nyota hawezi kukosea hesabu ya waliopondeka moyo. Nikasali Baba Yetu hadi mwisho, kwa sauti, palepale kibarazani. Huzuni haikuondoka na hata leo ipo, ila tangu usiku ule naibeba mbele ya Mtu anayenijua kwa jina.

Karibuni.

Mchangiaji, Kigoma

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo kazi yangu yote ni ya usiku. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hawakusanyiki, hivyo siku za mwezi mpevu tunakaa nchi kavu tukishona nyavu, na giza likirudi tunaingia ziwani. Nadhani watu wachache huziona nyota kama tunavyoziona sisi, maana zinapozama nyuma ya milima ya Kongo ndizo zinazotuambia saa.

Ushuhuda wangu, hata hivyo, ni wa usiku ambao hazikuonekana. Upepo ulitushukia ghafla kutoka kusini, taa zikazimika, mawingu yakafunika kila kitu, na hatukujua tena Kigoma iko upande gani. Tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga, tukachota na kuyamwaga, mikono ikafa ganzi. Mzee tuliyekuwa naye, ambaye ni katekista, alianza kutusimulia kwa kupaza sauti sura ya 27 ya Matendo ya Mitume: jinsi Paulo na wenzake, watu 276 katika chombo kimoja, walivyokaa siku nyingi bila kuona jua wala nyota, hata tumaini lote la kuokoka likakatika. Kisha akatuuliza, katikati ya yale mawimbi, malaika alisimama karibu na Paulo lini. Hakungoja tujibu. Alisema malaika alikuja nyota zikiwa bado zimefichika.

Tulifika. Alfajiri wingu lilipasuka upande wa mashariki tukaona tumesukumwa mbali sana, na ilitugharimu siku nzima kurudi. Ninazipenda nyota, nazo zimenifundisha kumshukuru Mungu kila niingiapo kazini, lakini usiku ule nilifundishwa kwamba Aliyeziweka juu hayuko nyuma ya mawingu pamoja nazo.

Mchangiaji, Minnesota, Marekani

Salamu kwenu kutoka kwenye theluji. Nilizaliwa Muheza, mtoto wa mkulima na mzee wa kanisa la Anglikana. Baba hakuwa na kalenda ukutani, ila alikuwa na usemi wa wazee wa pwani aliourudia kila mwaka: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alitutoa nje usiku, akatuonyesha kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, kisha akatusomea Ayubu 38, pale Bwana anapouliza: "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Kwake jembe na Biblia vilikuwa chini ya anga moja.

Baba alifariki mwezi Desemba, nami sikuweza kusafiri kwa sababu karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha ikikatika kila mara, na jeneza liliposhushwa mtandao ukakata kabisa. Usiku huo nilikuwa na zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Wakati wa mapumziko nilitoka nje ya mlango wa nyuma nikiwa na koti juu ya sare, na pumzi yangu ilikuwa inageuka mvuke mbele ya uso. Huku nyota nyingi ni ngeni kwangu. Nyota ya Kaskazini, ambayo Muheza haionekani, huku iko juu sana, na Msalaba wa Kusini hauchomozi kamwe. Lakini nilipoinua macho, Kilimia kilikuwa palepale, juu ya maegesho ya magari.

Nilifanya hesabu. Tunapishana saa 9 na nyumbani. Kwa hiyo kilikuwa kimekwisha kupita juu ya kaburi jipya la baba na juu ya mama aliyeketi uani na wafiwa, saa 9 kabla ya kunifikia mimi. Nililia kwa mara ya kwanza tangu nipokee habari. Lile swali la Ayubu nililisikia kwa sauti ya baba, na jibu lake, kwamba mimi siwezi kuufunga mnyororo ule ila yupo awezaye, lilinitosha kurudi ndani na kumalizia zamu.

Mchangiaji, Mombasa

Nafundisha fizikia katika shule ya upili, na mimi nilifika kwa njia ya maswali. Chuoni niliaminishwa kwamba mtu akishaelewa jinsi nyota inavyowaka hahitaji tena Zaburi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, na lilinikausha. Kilichonisaidia ni kusoma habari za Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulianza kutoka katika kitu kimoja kidogo mno. Huyu alikuwa padri aliyeadhimisha misa, na hata hivyo hakupenda nadharia yake itumiwe kama uthibitisho wa kuwapo kwa Mungu. Unyenyekevu huo ulinigusa kuliko hoja yoyote.

Tangu hapo naweza kutazama Kilimia, alichokitaja ndugu wa Minnesota, nikijua kwamba nuru ninayoiona iliondoka huko takribani miaka 440 iliyopita, kabla Ngome ya Yesu ya hapa kwetu haijaanza kujengwa mwaka 1593, na ujuzi huo haunipunguzii sala. Unairefusha.

Mchangiaji, Bukoba

Nina swali, na naomba nisieleweke vibaya. Mtaani kwetu wapo wanaowaambia watu kwamba nyota zao zimeibwa au zimefifia, kisha wanawatoza fedha ili wazisafishe, na siku hizi wengine hufanya hivyo kwa jina la Yesu. Dada yangu alitoa akiba yake yote. Mada hii inatofautianaje na mambo hayo?

Mwanzisha mada, Makete

Pole sana kwa dada yako, na asante kwa kuuliza bila kuficha. Tofauti ni kubwa nami nitaisema wazi. Kumbukumbu la Torati 4:19 linakataza kuinua macho mbinguni na kulisujudia jeshi la nyota, na Isaya 47 inawasuta wazitazamao nyota ili watabiri mambo. Hakuna Mkristo mwenye nyota inayoweza kuibwa, kwa sababu maisha yetu hayakuandikwa juu yake. Yamo mikononi mwa Aliyeiumba. Nabii Amosi anawaambia watu wamtafute yeye afanyaye Kilimia na Orioni, na hataji malipo yoyote. Anayekuuzia faraja hii anakuuzia kitu ambacho Mungu amekitandaza bure juu ya kila nyumba. Mwambie dada yako asione haya kurudi kanisani. Aliyedhulumiwa hana deni.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimesoma yote nikiwa wodini. Mwanangu ana selimundu na tumelazwa tena. Hapa mjini nyota hazionekani kwa sababu ya taa, na ushuhuda wangu ni wa nyota moja tu. Alfajiri, manesi walipokuwa wanabadilishana zamu na mtoto amepata usingizi baada ya dawa ya maumivu, nilisimama kwenye dirisha la korido. Zuhura, sayari tunayoiita nyota ya asubuhi, ilikuwa juu ya mapaa, kubwa, nyeupe, na taa zote za jiji hazikuweza kuifunika. Nilikumbuka mwisho wa Ufunuo, Yesu anapojiita "ile nyota yenye kung'aa ya asubuhi". Sikuomba kitu. Nilisimama nayo mpaka kulipokucha. Mtoto hajapona, na sijui mwaka huu tutalazwa mara ngapi, lakini sikuwa peke yangu kwenye lile dirisha.

Mwanzisha mada, Makete

Mama mwenzangu, tunakuombea wewe na mtoto, sote tunaosoma hapa. Ukiweza, tuandikie hali yake hata kwa sentensi moja.

Mchangiaji, Iringa

Nawalea vijana wa usharika wetu, na baada ya kusoma haya tumekubaliana kutoka nao nje wiki hii. Kwa wanaotaka kufanya hivyo, nawapa tulichojifunza. Chagueni usiku usio na mwezi. Pasaka, ambayo huadhimishwa baada ya mwezi mpevu, huwa na mbalamwezi nyingi mno kwa nyota ndogo, ingawa Msalaba wa Kusini husimama wima karibu na usiku wa manane majira hayo na unaonekana hata kwenye mbalamwezi. Someni Zaburi ya 8 na ya 147 mkiwa bado ndani, kwa sababu mkiwasha tochi au simu huko nje macho yatahitaji tena kama dakika 20 kuzoea giza. Wazee wapewe viti na mablanketi. Na kama miongoni mwenu yuko aliyefiwa karibuni, asilazimishwe kusema neno. Akaribishwe tu aketi na wenzake.