Nilipasuliwa mtoto wa kwanza, na huyu wa pili lazima kisu?

MamaMtori: Habari wapendwa. Niko Moshi, mimba ya wiki 31. Wa kwanza ana miaka mitatu, nilijifungulia Arusha kwa operesheni. Njia ilikuwa imefika sentimita 7, ghafla nikaletewa karatasi nisaini, nikapelekwa chumba cha upasuaji. Sikuelezwa kitu. Juzi kliniki nesi kaona kovu, kaniambia nijiandae kupasuliwa tena. Mama mkwe naye, kila akiniletea chupa ya mtori, ananikumbusha alizaa saba bila wembe kumgusa, eti sisi wa siku hizi hatutaki kusukuma. Inaniuma, uchungu niliusikia usiku kucha! Ukishapasuliwa mara moja ndiyo basi?

MkungaSakina: Pole mdogo wangu. Si lazima. Tafuta karatasi uliyoruhusiwa nayo hospitali, usome sababu. Mtoto kutanguliza makalio, mapigo yake kushuka, kondo kuziba njia, hayo ni ya mimba ile na huenda yasijirudie. Nyonga ikiwa nyembamba ni habari nyingine. Muulize daktari pia kovu la kwenye kizazi lilikatwaje, maana la ngozi halisemi kitu. Likiwa la chini, la kulala, wengi wanaojaribu kawaida wanafaulu. Hatari ni kizazi kuchanika kwenye kovu, takriban mama mmoja kati ya 200. Kwa hiyo usithubutu kuzalia nyumbani wala kituo kisicho na upasuaji na damu. Kovu la wima, kubali kisu.

BabaPacha: Mke wangu alipata kifafa cha mimba. Bila operesheni ningezika watatu. Mama mkwe mpokelee mtori, maneno yaache.

Kibosho_1: Ni kweli wanaopasuliwa wanaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 hakuna sababu ya operesheni kuvuka asilimia 10 hadi 15 ya uzazi wote. Sasa dunia iko kama 21. Kwetu Tanzania ilikuwa 6 kwenye utafiti wa 2015/16, ikafika 11 mwaka 2022. Vituo vyenye upasuaji vimeongezeka, hiyo ni heri. Ila kovu la kwanza huzaa la pili, na kila kovu huongeza hatari ya kondo kung'ang'ania kizazi. Kijijini bado kuna mama anayekufa kwa kukikosa kisu hichohicho.

MamaMtori: Nimeipata, ilikuwa chini ya begi la mtoto. Ni Kiingereza, kaka kanisomea: mapigo ya mtoto yalishuka. Miaka mitatu nadhani nilishindwa mimi. Jumatatu naenda nayo kwa daktari.