Mkonga umekata propela mara ya tatu: magari yaliyonyanyuliwa yazuiwe kubeba abiria?

Mkonga wa Buhongwa: Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser HZJ75, ile tunayoiita mkonga, yenye injini ya 1HZ. Nimeunyanyua inchi 4, matairi ya inchi 33. Tangu mwaka uanze propela ya nyuma, ile shafti ya kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), imekata mara tatu, kila mara krosi, kile kiungo cha msalaba, ya upande wa giaboksi. Juzi nilikuwa na abiria tisa, naelekea Sengerema. Propela ikadondoka mbele, ikaanza kupiga sakafu kama mtu anavunja mlango kwa shoka. Mmoja aliruka kabla gari haijasimama, akaacha na kiatu. Jirani yangu anasema magari haya yazuiwe kabisa kubeba watu. Mnasemaje?

Dada wa Kirumba: Yazuiwe. Hicho kiatu kingekuwa mguu.

Dereva Mstaafu: Shukuru propela haikuchimba ardhini, ingekupindua. Na jueni, ikishakatika ya nyuma, gia haishiki gari tena. Mimi iliwahi kunikatikia nikaweka gia ya kwanza nikashuka zangu. Gari ikaondoka mdogo mdogo kuelekea ziwani, ikaegemea jiwe. Mawe ya Mwanza yana kazi zaidi ya kupigwa picha.

Kaka wa Nansio: Tatizo ni mafundi wenu. Fundi wa Mwanza anatega sikio, anasema "krosi hiyo", anakula hela yako, mwezi unaisha inakatika tena.

Fundi Igoma: Nansio, nina miaka kumi na tisa chini ya magari. Nyie mnaleta krosi mliyonunua kwa bei ya chipsi mayai halafu mnatulaumu sisi. Mwenye gari, hiyo iliyokatika usiitupe. Iangalie miguu yake. Ukiona mistari imejipanga kama meno ya kitana, sindano za bearingi zimeichimba: mzigo au pembe kali. Ukiona unga wa kutu, maji yameingia na grisi haikufika.

Mkonga wa Buhongwa: Asante fundi. Mistari ipo, na unga mwekundu upo kidogo. Huwa naishusha majini kupakia dagaa, na naiosha hapo hapo.

Dada wa Kirumba: Ngoja kwanza. Unaosha gari ZIWANI? Na dizeli na grisi yote hiyo? Jiji zima tunakunywa maji ya hilo ziwa, chanzo kimojawapo kiko Capri Point, na wewe unatusuuzia difu?

Mkonga wa Buhongwa: Dada, naosha matairi tu.

Dada wa Kirumba: Umesema unaiosha. Panda juu usome ulichoandika mwenyewe.

Kaka wa Nansio: Ndiyo maana magugu maji hayaishi.

Dereva Mstaafu: Magugu yalikuja mwishoni mwa miaka ya 80, mkonga wa huyu kijana haumo. Tusizuliane.

Kaka wa Nansio: Mzee shikamoo, lakini uchafu ndio unayalisha. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua.

Fundi Igoma: Sasa Nansio amekuwa bwana maji. Muda mfupi uliopita alikuwa bingwa wa propela.

Mpenda 110: Uza hiyo, chukua Land Rover.

Fundi Igoma: Land Rover ni gari ya mtu mwenye ndugu wengi, lazima kila mji uwe na wa kumpigia simu.

Mpenda 110: Maneno ya mtu aliyeshindwa kuifunga.

Dada wa Kirumba: Kwa hiyo ziwa tumeliacha?

Dereva Mstaafu: Mimi nalaumu daraja la Kigongo–Busisi. Zamani mlikaa foleni ya kivuko Kigongo, gari inapoa, dereva anachungulia chini. Tangu Juni 2025 mnapita juu kwa juu, hamna hata muda wa kugusa nati.

Fundi Igoma: Mzee, krosi haivunjiki kwa kukosa kivuko. Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi propela kwa mwendo mmoja, kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Ya pili ndiyo inafuta ule mchezo, ilimradi pembe za mbele na nyuma zilingane na masikio yanayoshika krosi yalale sawa pande zote. Sasa amenyanyua inchi 4, pembe imekuwa kali. Na kama ameweka vibao kati ya ekseli na majani ya springi ndiyo kabisa: akikanyaga mafuta kwenye mzigo, difu inainua pua. Kijana, umeweka vibao?

Mkonga wa Buhongwa: Nimeweka. Na ikifika spidi 60 inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinageuka chenyewe.

Kaka wa Nansio: Na fundi wa Mwanza akakwambia ni balansi ya tairi.

Mkonga wa Buhongwa: Ndivyo alivyosema kweli.

Fundi Igoma: Hakuwa mimi. Ingia chini na tochi. Tazama masikio ya mbele na ya nyuma, kisha pale propela inapoteleza kwenye meno yake, kiwandani hupiga alama mbili zitazamane ili masikio yalale sawa.

Mkonga wa Buhongwa: Nimetoka chini sasa hivi. Alama hazitazamani. Zimepishana meno matatu.

Fundi Igoma: Nani aliichomoa?

Kaka wa Nansio: Taja gereji hiyo tuiepuke.

Mkonga wa Buhongwa: Niliichomoa mwenyewe mwezi wa kwanza, nipate kupaka grisi. Nikairudisha palipoingia kirahisi. Lakini dada wa Kirumba, ng'ombe nao wanaingia ziwani mpaka tumboni na hakuna anayewaandika.

Dada wa Kirumba: Ng'ombe hana difu.