Kumpeleka baba mkubwa Dortmund kutazama mpira

Kutoka: mwenzenu wa Rotterdam

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikiendi.

Baba mkubwa anakuja kutoka Tanga mwezi ujao, atakaa wiki tatu. Ana miaka 68 na ni Yanga damu. Ameniomba kitu kimoja tu: akauone kwa macho yake ule ukuta wa njano wa Dortmund anaoutazama kwenye televisheni. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia uwanja wa Ujerumani. Nimekuta mtandaoni tiketi mbili za jukwaa la kusini, bei yake mara nne ya ile ya klabu. Ninunue? Na mzee akivaa jezi yake ya Yanga, hatutasumbuliwa?

Jibu: kutoka Bochum

Marahaba mdogo wangu. Karibuni sana huku.

Hizo tiketi usinunue. Naanza na hilo kwa sababu lilishaniumiza. Nilipompokea shemeji yangu kutoka Mwanza nilinunua mbili kwa walanguzi wa mtandaoni. Getini mashine ikawaka taa nyekundu. Kijana akajaribu tena, nyekundu. Tiketi zilikuwa zimeshafutwa. Bao la kwanza tulilisikia tukiwa nje ya uzio, kelele zikipita juu ya vichwa vyetu, na sikuwa na neno la kumwambia yule mtu aliyepanda ndege mbili ili aje aone mpira. Nunua kwa klabu yenyewe tu. Wanachama hutangulizwa, kwa hiyo mechi ya Bayern au ya Schalke msiihesabu. Chagueni timu isiyo na makuu, na wiki ya mwisho fungua ukurasa wa tiketi asubuhi na jioni, maana kuna wanaopata dharura na kurudisha zao.

Halafu hilo jukwaa la kusini, ndilo ukuta wenyewe wa njano. Ni la kusimama, watu karibu 25,000 katika uwanja unaobeba 81,365, na juu kule ngazi zake zimesimama kama za kupandia mnazi. Likiingia bao, bia inaruka na watu wanaporomokeana. Mzee wa miaka 68 atasimama saa mbili akitazama mgongo wa mtu na mti wa bendera. Ila sababu yangu kubwa ni nyingine: aliye ndani ya ukuta haoni ukuta. Yeye amesema anataka kuuona. Mtafutie kiti upande wa mashariki au magharibi, aukute wote ubavuni pake. Kabla wachezaji hawajatoka, watu hunyanyua skafu zao juu kwa mikono miwili, na jukwaa zima linageuka kitambaa kimoja. Shemeji, siku tuliyofanikiwa kuingia, alivua kofia akaishika kifuani mpaka shughuli ile ikaisha. Hata mimi ninayeishi huku sijaizoea.

Jezi ya Yanga avae, njano ni rangi ya wenyeji. Mtu wa kiti cha jirani atamuuliza ni timu gani, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Angalia koti. Schalke wa Gelsenkirchen, jirani na mtani wao wa tangu na tangu, ni bluu, na utani huu una uchungu kuliko wetu wa Simba na Yanga. Shemeji alikuja na koti la bluu. Hakuna aliyemgusa, lakini aliangaliwa njia nzima mpaka nikampa langu jeusi. Kama mtatazama mechi ya timu ngeni mnayoishabikia, basi tiketi mnaiomba kwa klabu hiyo, si kwa Dortmund. Kwenye ligi wageni hutengewa asilimia 10 ya nafasi, na hukaa upande wa kaskazini.

Mengine ni madogo. Mkoba unaozidi ukubwa wa karatasi ya A4 haupiti, uacheni kwenye makabati ya stesheni kuu. Beba kadi ya benki. Kikombe cha bia au soda kina amana, msikitupe, kirudisheni. Pasipoti ya mzee iwe mfuko wa ndani wa koti, maana polisi wa treni hukagua, na yeye ni mgeni mwenye viza. Tiketi ya mechi ina nauli ndani yake kwa mabasi na treni za eneo la VRR (muungano wa usafiri wa Rhine-Ruhr), hata kutoka Düsseldorf, ila safari ya kutoka Rotterdam mtalipa wenyewe. Kutoka stesheni kuu siku ya mechi pandeni treni ya mjini ya U45. Wakati wa kurudi msigombanie treni na watu 80,000. Mpe mkono mtembee taratibu kuelekea mtaa wa Kreuzviertel, mle kitu cha moto, na baada ya saa moja stesheni inapumua.

Na baridi, mdogo wangu. Ya uwanjani inaanzia kwenye nyayo. Soksi mbili za sufu, na kipande cha boksi cha kukanyagia.

Jibu: kutoka Brussels

Jambo ndugu zangu. Mwambieni baba mkubwa kwamba uwanja huo una historia yetu pia. Tarehe 14 Juni 1974, miezi miwili tu tangu ufunguliwe, Zaire, yaani Kongo yetu ya leo, ilicheza pale na Scotland. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tulifungwa 2–0, lakini tulicheza. Langoni alikuwa Kazadi, nyuma Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa 1973, wote wa TP Mazembe ya kwetu Lubumbashi. Watu wanakumbuka tu yale mabao tisa tuliyofungwa na Yugoslavia, na yale yalifungwa Gelsenkirchen. Mimi nikienda Dortmund husimama kwanza kidogo nautazama uwanja, kwa ajili ya baba yangu.

Jibu: kutoka Rotterdam

Asanteni sana. Nimepata viti viwili vya mashariki, kwa klabu yenyewe. Jana usiku nimempigia mzee nikaanza kumsomea habari ya 1974. Sijafika hata kwenye matokeo, akanikatiza: "Kipa alikuwa Kazadi." Soksi nimeshanunua.