Tangi la kombaini halina kifuniko na milango ya chini inavuja: tutengeneze nini, na kwa njia gani?

MkulimaMauNarok aliuliza:

Ndugu wakulima na mafundi, salamu.

Mimi na kaka yangu tunalima ngano upande wa Mau Narok, na tumenunua kombaini iliyotumika kutoka Ulaya. Injini yake ni nzima, ngoma ya kupuria ni nzima, na hata mikanda mingi bado ina uhai, lakini tangi la nafaka lilifika likiwa wazi kabisa. Kilichobaki ni bawaba mbili zenye kutu na matundu ya bolti mahali ambapo fremu ya kifuniko ilikuwa imefungwa. Huku kwetu, juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mvua ya alasiri hushuka bila kubisha hodi hata wakati wa kuvuna, na lori la kupokea ngano likichelewa, tangi hubaki na mzigo likiusubiri huku mawingu yanakusanyika.

Jambo la pili ni milango midogo iliyo chini ya tangi, pale parafujo ya kupakulia (skrubu kubwa inayozunguka na kusukuma nafaka nje) inapoanzia. Mmiliki wa kwanza aliiziba kwa silikoni na vipande vya gunia, na bado ngano inachuruzika mashine inapotembea. Kaka anasema tuichomelee tufunge kabisa, kwa kuwa haifunguliwi mara kwa mara. Mimi sijaridhika na wazo hilo.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Ngano ikibaki kwenye pembe za tangi, kijana wetu wa mashine huingia ndani na kuisukuma kwa miguu huku upakuaji ukiendelea. Naambiwa ndivyo wengi wafanyavyo. Naomba mnishauri: turubai au bati? Je, tunaweza kuinua kuta za tangi papo hapo tunapotengeneza kifuniko ili libebe zaidi? Na hiyo milango tuifanyeje?

FundiUasinGishu alijibu:

Mkulima mwenzetu, hongera kwa mashine, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Kwanza tuone mvua inafanya nini hasa, maana watu huidharau. Tuchukue mdomo wa tangi wenye upana wa mita 2 kwa 1.5, yaani mita 3 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwenu hunyesha kwa muda mfupi tu, inamwaga humo lita 30 za maji. Kama ndani mna tani 3 za ngano yenye unyevu wa asilimia 13, maji hayo yakienea sawasawa yanaupandisha unyevu karibu hadi asilimia 14. Lakini hayaenei sawasawa hata kidogo. Sehemu hulowesha tabaka la juu, na sehemu huteremka kando ya kuta mpaka chini kwenye parafujo, ambako punje hujaa maji, huvimba, na zikiachwa huko huota. Ukipakua, ngano mbichi hiyo ndiyo inayotoka kwanza na kuchanganyika na kavu ndani ya lori, na mnunuzi akichoma kipima unyevu mahali pabaya, mzigo mzima unahukumiwa kwa sampuli ile.

Kwa mashine yako ningechagua turubai juu ya matao ya bomba. Tumia turubai la PVC la aina inayofunika malori, si lile jepesi la bluu linalopasuka baada ya msimu mmoja wa jua. Matao yawe na mgongo ulioinuka katikati ili maji yateremke pembeni, kwa sababu turubai lililolala sawa hufanya bwawa, bwawa huvuta matao chini, na mwishowe mshono hutatuka. Kingo zake zishuke chini ya ukingo wa tangi kwa upana wa kiganja hivi, na zifungwe kwa kamba za mpira zenye ndoano. Upande mmoja uungwe kwenye bomba refu lenye mpini, ili mtu alikunje turubai akiwa amesimama kwenye jukwaa la kawaida la mashine bila kupanda juu ya tangi.

Kuhusu bati: linadumu na panya hawalitoboi, lakini ni zito, na upepo wa nyanda za juu ukilikuta limefunguliwa nusu, bawaba hunyongeka au mtu huumia. Mashine mpya zina vifuniko vya kukunjwa kwa haidroliki au mota ya umeme, na vikifunguka husimama na kuwa kuta za kuongeza ujazo wa tangi. Ni vizuri sana, ila vina adui mmoja: dereva anayebonyeza kitufe cha kufunga wakati nafaka imerundikana juu ya ukingo. Vibati hugandamiza rundo, mikono inayovisukuma hupinda, na kuanzia siku hiyo kifuniko hakikai tena mahali pake. Niliwahi kunyoosha vifuniko vya namna hiyo. Havirudi kuwa kama vilivyokuwa.

Usiinue kuta. Kuta za sentimita 30 juu ya mdomo niliokadiria zinaongeza mita 0.9 za ujazo, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya ngano ina takriban kilo 770, huo ni mzigo wa karibu kilo 700 uliowekwa juu kabisa ya mashine. Mzigo huo unakaa juu ya ekseli ya mbele, unapandisha kitovu cha uzito cha mashine kwenye miteremko ya Mau, na unailazimu parafujo ya kupakulia kuanza kuzunguka chini ya uzani ambao haikuundiwa. Bolti ya kinga, ile iliyowekwa ikatike kabla gia haijavunjika, itakatika kila siku, kisha mtu atachoka na kuweka bolti ngumu zaidi, na safari hiyo kitakachovunjika ni gia.

MvunajiBasotu alijibu:

Salamu kutoka Hanang. Mimi huvuna ngano kwa kukodishwa katika maeneo ya Basotu, kwa hiyo nitaongelea milango, ambayo kwangu ni kubwa kuliko kifuniko.

Hesabu ya uvujaji ni rahisi. Punje moja ya ngano ina wastani wa miligramu 40. Ikiwa mlango unaangusha punje 10 tu kwa sekunde, kiasi ambacho mtu aliyesimama kando ya mashine hawezi kukisikia kwa kelele za injini, unapoteza kilo 1.4 kwa saa. Kwa saa 10 za kazi ni kilo 14, na kwa siku sita unakaribia gunia la kilo 90. Nyufa nyingi nilizoziona huvuja zaidi ya hapo. Njia ya kujua ni kutandaza turubai safi chini ya mashine tangi likiwa limejaa, injini ikiwa imewashwa ili itikisike, kisha kuangalia ngano inaangukia wapi. Usishangae ukikuta mlango wenyewe hauna hatia na tatizo ni mshono wa bati ulio juu yake.

Kuichomelea ni kosa, na nasema hivyo kwa heshima zote kwa kaka yako. Mlango ule upo kwa sababu nne ambazo zote zitakufikia. Parafujo ikikwama kwa nafaka mbichi, hapo ndipo mahali pekee pa kuitoa nafaka bila kufungua nusu ya mashine. Maji yakiingia, hapo ndipo yanapotokea. Msimu ukiisha, mabaki yaliyolala chini ya parafujo, ambayo hayatoki hata upakue kwa muda gani, hutolewa hapo. Ukiyaacha, unawaandalia panya nyumba na chakula kwa pamoja, na wakimaliza ngano wanahamia kwenye nyaya. Na ukihamia shamba la aina nyingine ya mbegu, hapo ndipo unaposafishia.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa wenzetu wanaovuna mashamba ya mbegu. Mkaguzi haoni kilichojificha ndani ya bati, lakini shamba la mwaka ujao litakionyesha. Mimi husafisha kutoka juu kwenda chini: nafagia tangi, nafungua milango ya chini ya tangi, kisha milango iliyo kwenye miguu ya lifti ya nafaka safi na lifti ya marudio (inayorudisha masuke yasiyopurika vizuri), kisha mtego wa mawe. Mashine inaendeshwa tupu kwa muda milango ikiwa wazi, watu wote wakiwa mbali nayo, halafu inazimwa na kufagiliwa tena. Kila mara kuna punje zinazotoka safari ya pili.

Kuhusu kuziba: toa silikoni yote na magunia, kwangua mpaka bati lenyewe, halafu weka rula kwenye ukingo wa mlango. Ikiwa bati limepinda, linyooshe kwanza, kwa maana hakuna mpira utakaoziba pengo la bati lililopinda. Kisha gundi ukanda wa sponji ya mpira wenye seli zilizofungika, ule usionyonya maji, kuzunguka ukingo wote, na maungio ya ukanda yawe upande wa juu. Kama kitasa cha kubana kimelegea, badilisha kitasa. Usikaze kwa waya. Kila asubuhi kabla ya kazi mtu apitishe mkono nje ya mlango, injini ikiwa imezimwa, ahakikishe umefungwa. Mlango uliosahauliwa wazi hukujulisha kwa mstari wa ngano shambani, na wakati huo ndege wameshauona kabla yako.

Jambo dogo: mashine ikilala bila kazi hadi msimu ujao, milango hiyo iache wazi. Hewa ipite na maji yasituame.

DerevaMbarali alijibu:

Mimi ni dereva wa kombaini za mpunga Mbarali, na ninawafundisha vijana kazi hii. Ninaomba ndugu yetu wa Mau Narok ashughulikie swali lake la tatu kabla ya yale mawili.

Kijana asiingie tena ndani ya tangi wakati parafujo inazunguka. Nafaka inapopakuliwa haishuki yote kwa usawa. Inafanya shimo la mfano wa faneli juu ya mahali parafujo inapovuta, na kila kilicho juu ya faneli hiyo kinavutwa kuelekea chini. Mtu akikanyaga hapo, ndani ya sekunde chache tu nafaka imemfika magotini, na ikishamfika magotini hawezi kujinasua kwa nguvu zake mwenyewe, wala mwenzake hawezi kumvuta, kwa sababu nafaka inambana pande zote. Chini ya miguu yake kuna parafujo isiyojua tofauti ya punje na mguu. Dereva aliye kwenye kibanda anatazama bomba la kupakulia na lori, hatazami tangi, na kelele haimruhusu kusikia ukelele.

Sisi wa mpunga tunalijua jaribu hili vizuri zaidi, kwa sababu mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24, na mpunga wa hali hiyo hushikana na kufanya daraja ndani ya tangi. Chini kunakuwa tupu, juu kumesimama. Anayepanda juu ya daraja hilo kulivunja kwa miguu anaanguka nalo.

Kwenu, ngano kavu ikibaki kwenye pembe, sababu iko kwenye mashine. Angalieni mabati yanayofunika parafujo za chini ya tangi, ambayo kwa kawaida yana matundu ya kuyapandisha na kuyashusha: yakishushwa sana nafaka huingia polepole na kubaki pembeni, yakipandishwa nafaka huingia kwa wingi lakini parafujo hulemewa. Mashine iliyotumika mara nyingi huja na upande mmoja umeshushwa na mwingine umepandishwa. Angalieni pia kutu ukutani, maana bati lenye kutu huishika nafaka ambayo bati laini lingeiteremsha.

Kitakachobaki baada ya hapo kisukumwe kwa mti mrefu wenye ubao mwishoni, mtu akiwa nje ya tangi. Ikilazimu mtu aingie, upakuaji uzimwe, injini izimwe, ufunguo utolewe na uwekwe mfukoni mwa yule anayeingia, si mwa mwingine. Kisha asubiri mpaka kila kitu kimesimama, kwa kuwa mikanda na parafujo huendelea kuzunguka kidogo baada ya injini kunyamaza. Utaratibu ni huohuo kwa anayeingiza mkono kwenye mlango wa chini, na mimi humnyima kazi kijana asiyeufuata hata awe hodari kiasi gani.

Tena, mnapotengeneza kifuniko, wekeni juu ya mdomo wa parafujo za chini wavu wa nondo uliofungwa kwa bolti, wenye nafasi za kupitisha nafaka lakini si mguu. Baadhi ya mashine hutoka kiwandani nao, na inawezekana wenu uling'olewa pamoja na kifuniko.

MkulimaMauNarok aliandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Kijana ameambiwa leo hii, na kaka amesoma majibu yote, hatutachomelea. Wavu tumetafuta na kukuta sehemu zake za kufungia zipo, wenyewe haupo.

Nimebaki na swali moja. Usiku wa huku ni baridi kali. Tukilazimika kulaza ngano tangini kwa sababu lori limekwama, je, turubai halitafungia unyevu ndani?

FundiUasinGishu alijibu:

Litaufungia, ndiyo. Ngano iliyovunwa saa tisa alasiri ina joto, na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka kwake ikikutana na turubai lililopoa usiku huwa matone na kurudi juu ya nafaka. Kwa bati hali ni mbaya zaidi. Dawa ya kweli ni kutolaza nafaka tangini, hata ikibidi kuimwaga juu ya turubai ghalani. Ikishindikana, na mvua haipo, inua turubai ncha zote mbili kwa usawa wa ngumi ili hewa ipite chini ya mgongo wake, na asubuhi pasa mkono juu ya nafaka. Ukikuta tabaka la juu lina ubichi, ulitoe kwa ndoo kupitia mdomo wa tangi, injini ikiwa imezimwa, ulianike peke yake.

Kabla hujakata bomba la kwanza, pima mambo mawili. La kwanza ni kichwa cha parafujo ya kujazia, ambacho katika mashine nyingi husimama juu ya ukingo wa tangi. Tao lipite juu yake kwa sentimita 15 angalau, na turubai lisikiguse hata likilowa na kulegea. La pili ni urefu wa mashine yote kutoka ardhini hadi kilele cha tao, kisha ulinganishe na nyaya za umeme zinazovuka njia ya kuingilia shambani, zikiwa zimelegea mchana wa jua kali. Zikikaribiana, yafanye matao yawe ya kukunjwa na yalazwe kila mashine inapotoka shambani. Usiende kupima waya wenyewe kwa mti wala kwa futi ya chuma; muulize mtu wa kampuni ya umeme.

Nitumie vipimo vya mdomo wa tangi nikuchoree fremu.