Wajukuu wa Bi Mwanaidi 🌿

JUMANNE

Da Rehema 18:42
Assalam aleikum ukoo. Jambo la haraka, someni mpaka mwisho. Leo saa nane mchana vijana wawili wa mkopo wamefika kwa Zuhura, Chamazi. Wamekuja na kirikuu tupu. Wanadai milioni 6 na laki 4 alizokopa mumewe, Mussa. Wamesema Ijumaa wanarudi kubeba friji, tivii na cherehani.

Da Rehema 18:44
Mussa kaondoka tangu 2021, hajatuma hata hela ya unga. Leo deni lake linabisha hodi kwa mwenzake!

Da Rehema 18:57
Naona mmesoma watu 18. Semeni.

Juma Tandika 18:59
Hiyo kirikuu wamekodi bei gani? Nami nina mzigo wa kuhamisha 😂😂

Da Rehema 18:59
Juma, si leo.

Shangazi Mwajuma 19:10
Yarabi. Huo ni mkopo wa kausha damu. Zuhura mwanangu umekula?

Zuhura 19:14
Shikamoo shangazi. Nimekula. Cherehani nimeificha kwa jirani.

Da Rehema 19:15
Unaficha kama umeiba? Cherehani umenunua kwa jasho lako, sare za watoto wa shule nzima umeshona wewe!

Kaka Bakari 19:21
Amina.

Kaka Salim 19:30
Tuchange tu, tumalize hii aibu. Naanza na elfu 50.

Da Rehema 19:31
Tuchange tumlipie Mussa? Kaka Salim, huyo Mussa ulimleta wewe. Ukasema ni mtu wa msikitini, unamjua kwao.

Kaka Salim 19:33
Na mabati ya Mama aliyauza nani? Tusianze.

Da Rehema 19:33
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Kaka Salim 19:34
Nimeshausoma.

Shangazi Mwajuma 19:36
Mabati yaacheni huko huko Mkuranga. Mtoto yuko matatani.

Idrisa 19:52
Shikamooni. Samahani, nilikuwa kwenye daladala, chaji ilikwisha. Mama mdogo Zuhura, usilale na hofu. Deni la kukopa ni la aliyekopa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimgeuzi mke kuwa mlipaji wa mumewe, wawe wanaishi pamoja au wametengana. Kila mmoja anamiliki chake na anaingia mkataba kwa jina lake.

Idrisa 19:54
Na kubeba vitu vya mtu si kazi ya afisa mikopo. Kama hukuviweka dhamana, mpaka waende mahakamani, washinde, ndipo aje dalali wa mahakama na amri mkononi. Hata huyo dalali, vyombo vya kupikia, kitanda na vitendea kazi vya fundi haruhusiwi kugusa. Polisi nao wakitajwa usitishike, deni ni kesi ya madai, si ya jinai.

Da Rehema 19:55
UMESIKIA Zuhura? Rudisha cherehani ndani.

Juma Tandika 19:56
Idrisa ada yako tulichanga, leo imeanza kurudi 😂

Idrisa 20:03
Ila mama mdogo, kuna karatasi yoyote ulisaini?

Idrisa 20:20
Mama mdogo?

Zuhura 20:26
Moja. Ofisi ya serikali ya mtaa, 2023. Nilibandika picha, mwenyekiti akagonga muhuri. Nakala sikupewa.

Idrisa 20:29
Hapo ndipo penye kazi. Kama ni ridhaa ya mwenza, ulikubali nyumba iwekwe rehani. Maana nyumba ya ndoa, kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzake kukubali. Basi hudaiwi wewe, lakini nyumba iko hatarini. Kama ulisaini kama MDHAMINI, wanaweza kukudai wewe mwenyewe, kama wanavyomdai yeye. Ni karatasi mbili tofauti kabisa. Lazima tuione.

Da Rehema 20:31
Zuhura!! Mtu kakukimbia miaka miwili nzima, unakwenda kumsainia? Kwa akili gani? Nani alikushika mkono?

Da Rehema 20:38
Nauliza nani alikushika mkono.

Baba Mkubwa Athumani 20:51
Assalam aleikum. Anaandika mjukuu, maneno ni yangu. Rehema, mwache. Mussa alinipigia kutoka Chunya, akalia, akasema akipata mtaji atarudi kwa wanawe. Nikamwita Zuhura, nikamwambia saini mwanangu, ndoa ina mambo. Hakutaka. Akasaini kwa kuniheshimu mimi. Nyumba ile ikiondoka, imeondoka kwa kinywa changu. Shamba langu bado lipo, liuzwe.

Shangazi Mwajuma 21:19
Kaka.

Da Rehema 21:24
Shikamoo baba mkubwa. Shamba haliuzwi. Zuhura mdogo wangu, nisamehe.

Zuhura 21:30
Hamna neno dada. Baba mkubwa, sijawahi kukulaumu, wallahi.

Idrisa 21:33
Basi kesho mtu aende naye ofisini kwao kudai nakala ya mkataba, na kuuliza leseni yao ya Benki Kuu. Asisaini chochote kipya. Asilipe hata elfu 10 ya kuwatuliza. Mimi nina mtihani mpaka saa nane.

Da Rehema 21:35
Mimi kesho nina zamu, siwezi kutoka. Kaka Salim?

Juma Tandika 21:47
Nitampeleka mimi na boda. Mafuta yangu. Saa moja niko kwake.

Da Rehema 21:48
Juma, saa moja kweli?

Juma Tandika 21:48
Kweli dada.

Da Rehema 21:50
Na Ijumaa? Nataka wanaume wawili pale mlangoni, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Na talaka lini, Zuhura? Miaka yote hii hujafika hata baraza la usuluhishi. Mpaka lini utaitwa mke wa Mussa?

Zuhura 21:58
Hilo tuliongee mimi na wewe dada.

Hamida Maskati 23:40
Jamani ndiyo natoka kazini. Meseji 40! Nani kafa?

JUMATANO

Kaka Salim 05:52
Mabati yalikuwa 22. Elfu 50 yangu ipo, nimpe nani?

Da Rehema 06:10
Weka. Ijumaa utakuwepo?

Juma Tandika 06:34
Niko Rangi Tatu, foleni. Zuhura beba kitambulisho.

Da Rehema 06:36
Kaka Salim, Ijumaa?