Tulijiandaa kwa kimbunga ambacho hakikufika, na nafsi yangu bado haijatulia: naomba ushauri

Nuru ya Alfajiri (mleta mada)

Wanajukwaa wenzangu, naomba ushauri kuhusu jambo ambalo nimeshindwa kulieleza hata kwa watu wa nyumbani kwangu. Mamlaka ya hali ya hewa ilitangaza kwamba kimbunga kikali kilikuwa kinaelekea upande wetu, na kwamba kikifika kingeleta upepo wa kuezua mapaa na mafuriko katika maeneo ya mabondeni, ambako ndiko tunakoishi. Mimi na mume wangu tulilichukulia tangazo hilo kwa uzito. Mama mkwe hawezi kutembea bila kushikwa mkono, kwa hiyo tulimhamishia kwa ndugu wanaoishi mahali pa juu. Tulijaza maji katika kila chombo, tukafunga vyeti, hati ya nyumba na picha za marehemu baba katika mifuko isiyopitisha maji, tukapigilia mbao madirishani, tukakusanya dawa za kila mmoja wetu mahali pamoja, na usiku tuliouogopa tulilala tumevaa viatu.

Kimbunga hakikufika. Kiligeuza mwelekeo, kikapungua nguvu kingali baharini, nasi tukaambulia manyunyu tu. Kulipokucha nilimshukuru Mungu kwa dhati, na majirani walikuwa wakicheka na kupeana mikono. Mimi niliingia chumbani nikalia, na sikujua ninalia nini. Tangu siku hiyo ninahisi mambo mengi kwa wakati mmoja: nafuu, uchovu ambao haumalizwi na usingizi, aibu ya kuonekana mwoga, uchungu wa fedha tulizotumia, na jambo moja ambalo ni zito kulitamka. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyosikitika kwamba kimbunga hakikuja. Sikutaka mtu yeyote aumie, wala sikutaka nyumba yangu ibomoke, lakini nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya jambo kubwa, na jambo lenyewe halikutokea.

Shemeji yangu, ambaye alikataa katakata kujiandaa, sasa anasema mbele ya watu kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa hakuna kitu. Mwanangu ameniuliza, «Mama, kwa hiyo walitudanganya?» nami sikuwa na jibu. Mume wangu halisemi kabisa suala hili. Mbao bado ziko madirishani, na kila ninapotaka kuzing'oa mikono inakuwa mizito. Je, huzuni hii ina maana kwamba nina moyo mbaya? Nimjibu nini mtoto? Na tangazo jingine likija, nitapata wapi nguvu ya kufanya yote haya upya?

Msoma Mawingu

Dada Nuru, pole sana. Nitaanza na swali la mtoto, kwa sababu linajibika kwa ukweli mtupu. Hapana, hawakuwadanganya. Kimbunga hakina usukani wake chenyewe. Kinasukumwa na mikondo mikubwa ya upepo iliyokizunguka, na mikondo hiyo ikibadilika kidogo tu, njia yake inaweza kupotoka kwa umbali mkubwa. Kinapata nguvu kutoka katika maji ya bahari yenye joto, kwa kawaida kuanzia nyuzi 26 au 27 hivi. Kikikutana na hewa kavu, au na pepo zinazovuma kwa kasi na mielekeo tofauti huko juu na huku chini, umbo lake huvurugika na nguvu zake huanguka, wakati mwingine katika muda wa saa chache.

Wataalamu wanalijua hilo, na ndiyo maana ramani zao hazichori mstari mmoja tu. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kwa mfano, huchora eneo linalopanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele, na upana wake hupimwa kutokana na makosa ya utabiri wa miaka iliyotangulia, kiasi kwamba kiini cha kimbunga hubaki ndani ya eneo hilo takribani mara mbili katika kila mara tatu. Maana yake ni kwamba hata utabiri uliofanywa kwa ustadi kamili unatarajiwa kupishana na kimbunga mara kwa mara. Mwambie mwanao kwamba walisema kile kilichoweza kutokea, na kwamba nyinyi mlijiandaa kwa kile kilichoweza kutokea. Mtoto anaelewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Fundi wa Mifumo

Swali lako limenigusa mahali ambapo sikutarajia kuguswa tena. Nilikuwa miongoni mwa mafundi wa kompyuta waliofanya kazi kabla ya mwaka 2000 kuingia. Vijana huenda hawakumbuki: programu nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, kwa hiyo 00 ingeweza kusomwa kama 1900, na mahesabu ya riba, umri, malipo na tarehe za mwisho wa matumizi yangevurugika. Tulikagua programu mstari kwa mstari, tukarekebisha, tukajaribu, tukarekebisha tena. Usiku wa mwaka mpya nilikuwa kazini, macho yameelekezwa kwenye saa. Saa sita ikapita, na kila kitu kikaendelea kama kawaida.

Nilidhani nitasherehekea. Badala yake nilihisi utupu, na siku zilizofuata nilipoanza kusikia watu wakisema kwamba jambo lote lilikuwa uzushi wa watu waliotaka fedha, utupu ule ukageuka kuwa uchungu. Hakuna aliyeweza kuniona nikiwa nimezuia kitu, kwa kuwa kilichozuiwa hakionekani. Kulikuwa na ushahidi kidogo kwa aliyetaka kuutafuta: huko Sheffield, Uingereza, programu ya kukadiria uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down (hali ya kimaumbile inayoathiri ukuaji wa mwili na akili) ilikokotoa umri wa akina mama vibaya kwa sababu ya kasoro hiyo hiyo ya mwaka, na zaidi ya wanawake 150 wajawazito wakapewa majibu yasiyo sahihi. Hapo kasoro ilipita bila kurekebishwa. Lakini kwa sehemu kubwa tulibaki na ukimya, na ukimya haumpongezi mtu.

Nakiri kwamba hali yako inatofautiana na yangu, kwa sababu sisi kazi yetu ilizuia madhara, ilhali kimbunga chenu kiligeuka chenyewe. Hata hivyo, kile ulichokiita huzuni nakitambua. Mtu aliyekusanya nguvu zake zote na asipate mahali pa kuziweka hubaki amezibeba. Moyo mbaya haumo humo.

Msema Kweli

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa heshima. Mleta mada hana moyo mbaya, lakini asiharakishe kuifunika ile huzuni kwa maneno ya faraja. Ndani yake kuna tamaa ya kutaka kuonekana kwamba tulikuwa sahihi, na tamaa hiyo, ikiachwa ikue, huweza kumfanya mtu akatae kukiri gharama ya maandalizi. Gharama ipo. Mama mzee alihamishwa kitandani kwake, fedha zilitumika, mtoto aliogopeshwa. Mume wako anaponyamaza, huenda anayapiga mahesabu hayo peke yake.

Tukumbuke Goma mwaka 2021. Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye, tarehe 27, watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka kwa hofu ya mlipuko wa pili, kwani kulikuwa na dalili kwamba uji wa moto ulikuwa umesambaa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengi kwa miguu. Walilala shuleni, makanisani na nje, na watoto walipotezana na wazazi wao katika msongamano ule. Mlipuko wa pili haukutokea. Je, amri ile ilikuwa ya makosa? Mimi nasema hapana. Lakini mtu asimwambie mama aliyelala nje na watoto wake kwamba hakupoteza kitu.

Na upande wa pili wa mizani upo Armero, nchini Kolombia. Mwaka 1985 wanajiolojia walikuwa wameshatengeneza ramani iliyoonyesha kwamba mji ule ungeweza kufunikwa na tope iwapo volkano ya Nevado del Ruiz ingelipuka. Viongozi walisita kuwahamisha watu, na hofu ya gharama za tahadhari ya bure ilikuwa mojawapo ya sababu. Usiku wa tarehe 13 Novemba tope lilishuka, na watu zaidi ya 20,000 wakafa. Ninaweka mifano hii miwili pamoja kwa sababu aliyekuwa anaamua hakuwa na njia ya kujua yuko katika upi kati yake. Nanyi hamkuwa na njia ya kujua.

Nuru ya Alfajiri (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Ndugu Msema Kweli, maneno yako yameniuma lakini nimeyapokea. Ni kweli kwamba nilitaka shemeji aone. Nilikuwa nimemsihi awalete watoto wake kwetu, akakataa, na usiku ule nilikuwa nikiwafikiria watoto hao kuliko nilivyowafikiria wangu. Sasa anaponicheka, ni kama hofu yangu kwa ajili ya wanawe imefanywa mchezo. Nadhani hapo ndipo maumivu yenyewe yalipo, na nimeyaona leo ninapoandika.

Mwalimu wa Saikolojia

Kuhusu shemeji anayesema alijua tangu mwanzo, lipo jambo lililochunguzwa kwa makini. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alipokuwa anajiandaa kuzuru Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa matukio mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baada ya ziara, waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa matukio ambayo watu waliamini yametokea, wengi walikumbuka kuwa walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule walioutaja mwanzoni. Hawakuwa waongo; kumbukumbu yao ilikuwa imejirekebisha kulingana na matokeo. Inawezekana kabisa kwamba shemeji yako anaamini kwa dhati kuwa alijua. Kubishana naye juu ya alichokijua hakutawafikisha popote.

Kuhusu kulia na uchovu: mwili uliokaa katika hali ya tahadhari kwa siku nyingi haurudi katika utulivu mara tu hatari inapoondoka. Homoni za msongo huongeza mapigo ya moyo, huvuruga usingizi na kukaza misuli, na mara nyingi mtu huanza kuhisi udhaifu pale tu anapokuwa salama, kwa sababu kabla ya hapo hakuwa na nafasi ya kuuhisi. Kwa watu wengi hali hii hupungua polepole wanaporudia ratiba ya kawaida ya usingizi, chakula na kazi. Ikiwa baada ya majuma kadhaa bado hulali, au unashtuka kila upepo unapovuma, muone mtaalamu wa afya bila kuona haya.

Bi Mkubwa

Mwanangu Nuru, mimi nimeolewa miaka mingi, kwa hiyo nitasema juu ya mumeo tu. Usimngoje aanze. Mume aliyepigilia mbao hizo kwa mikono yake naye ana lake moyoni. Mwombe mziondoe pamoja, na mkiwa mnafanya kazi hiyo muulize usiku ule yeye aliogopa nini zaidi. Wanaume wengi husema wakiwa na nyundo mkononi mambo ambayo hawayasemi wakiwa wamekaa kitako. Suala la fedha mlizungumze waziwazi: kipi kimepotea kabisa na kipi kimebaki kuwa mali yenu, maana mbao, taa na vyombo vya maji havikuliwa na mtu.

Na shemeji, mwambie mara moja tu, faraghani, bila hasira: «Nilihofia watoto wako.» Usiongeze neno.

Nuru ya Alfajiri (mleta mada)

Wapendwa, narudi kutoa mrejesho. Mbao tumeziondoa, mimi na mume wangu. Aliniambia kwamba usiku ule alikuwa akihesabu moyoni ni nani angembeba kwanza maji yakiingia, na kwamba hesabu hiyo bado inamjia akilala. Kunyamaza kwake hakukuwa juu ya fedha kama nilivyodhani. Mtoto nimemjibu kama alivyonielekeza Msoma Mawingu, naye akauliza kama kimbunga kingine kikija tutavaa viatu tena kitandani. Nikamwambia ndiyo, tutavaa. Shemeji nimemwambia neno lile moja. Hakujibu, wala hakuomba radhi, lakini mizaha imepungua. Ile huzuni haijaisha yote, ila sasa ninaweza kuitaja bila kujiona muovu. Limebaki swali langu la mwisho, la nguvu za mara ijayo.

Msoma Mawingu

Nguvu za mara ijayo zinategemea sana kazi gani utaikuta imeshafanyika. Kabla hamjaziweka mbao stoo, andikeni kwenye kila ubao jina la dirisha lake, na misumari au skrubu zake ziwe katika mfuko uliofungwa pamoja nao. Vyeti na hati viacheni katika mifuko ile ile isiyopitisha maji. Dawa zirudisheni katika matumizi ya kila siku, lakini hifadhini orodha ya majina na vipimo vyake, hasa vya mama mkwe, pamoja na namba za simu za wale ndugu wa mahali pa juu. Muulizeni pia mama mwenyewe safari ile ilimchosha wapi na alikosa nini huko, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba sehemu ngumu kuliko wote, na katika uzi huu mzima hatujasikia maoni yake.