Wiki ya tano ndani kwa ajili ya korona: dada yangu mzima, mimi akili imechoka. Kwa nini?

Mpweke_Ghorofani (Aprili 2020)
Wakuu, salaam. Naishi peke yangu, kazi nafanyia nyumbani, mshahara unaingia. Najua sina la kulalamikia. Ila jana nilipokea simu saa nane mchana, sauti ikatoka imekwaruza. Kumbe tangu niamke sikuwa nimetamka neno. Usiku ndiyo balaa: saa tisa niko macho natazama idadi ya vifo vya korona nchi hii na ile, kama anayefuatilia matokeo ya mpira. Nikikohoa mara moja tu, nahisi zamu yangu imefika.

Dada yangu ana watoto watatu kwenye vyumba viwili, shemeji kasimamishwa kazi. Nikimweleza, anacheka: "Wewe kimya unacho, mimi nakitafuta." Na kweli ana nguvu kuliko mimi. Je, mimi ndiye dhaifu?

Kifaranga
Zima simu ulale mkuu.

Mnasihi_Mstaafu
Udhaifu haupo hapo. Karantini ni moja, ila kila mtu kaingia nayo na mzigo wake: mwingine kipato kimekatika, mwingine hana wa kusema naye, mwingine ana mgonjwa ndani. Hata tabia ina sehemu yake. Nikuulize, kabla ya haya ulikuwa mtu wa kukesha na wazo moja?

Habari zisome mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu; hata Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri hivyo. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Na ukiona huzuni imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili, au unawaza kujidhuru, mtafute daktari, usisubiri amri ya kukaa ndani iondolewe.

Mpweke_Ghorofani
Nilikuwa hivyo tangu shule, mzee wangu. Zamani nikitoka asubuhi na kukutana na watu, wazo lilikuwa linakatika lenyewe. Sasa halikatiki.

Mama_Watatu
Mimi ndiye huyo dada yako, ila wa nyumba nyingine. Nacheka simu ikiwa sikioni. Nikikata, naingia bafuni nafungulia bomba ili watoto wasisikie. Usimwonee wivu. Muulize, tena usianze na habari zako.

Kifaranga
Duh. Nilijibu kwa haraka, samahani mleta uzi.

Mpweke_Ghorofani (Machi 2022)
Nafufua uzi. WHO wametangaza kwamba mwaka ule wa kwanza wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana na wanawake ndio walioumia zaidi. Nikawakumbuka nyie.

Mama_Watatu, nilimpigia dada usiku uleule. Nikamuuliza kama naye huwa anafungulia bomba. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "La jikoni. Bafuni kuna foleni."